Mama Ploti na Rangi ya Ndani ya Mkate

Mama Ploti hakupiga hodi. Alikohoa. Ukisikia kile kikohozi kikavu karibu na mlango wako, ulijua una nafasi ndogo tu ya kushusha redio, kuficha waya wa hita na kumteremsha mtoto kutoka juu ya meza. Halafu kichwa kinaingia, kitambaa kimefungwa kwa nyuma, na macho yanaanza kazi kutoka sakafuni kupanda juu. Wewe hakukuangalia. Aliangalia ukuta.

Alikuwa mwenye nyumba wetu. Mimi na mama yangu tulipanga chumba kwake Kitale, kule ambako mji unaisha na mahindi yanaanza. Vyumba vya ploti ile vilikuwa mistari miwili inayotazamana, bomba moja katikati, vyoo mwisho kabisa. Jina lake lilijulikana lakini hakuna aliyelitumia. Watu wazima walimwita Mama Ploti, watoto walimwita Kukhu, yaani nyanya, naye aliitikia yote mawili kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazini.

Siku hizi hayuko huko. Magoti yake yalikataa baridi ya Kitale, na binti yake akamchukua wakae pamoja Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Lakini mimi ni mtu wa pikipiki, na kila nikipita pale getini napunguza mwendo bila kujua ninamhofia nani.

Kuta zake za ndani zote zilikuwa kahawia iliyokolea, rangi ya mafuta, kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati. Sisi wapangaji tuliiita rangi ya ugoro. Dirisha lilikuwa dogo, lenye wavu. Ukitoka nje kwenye jua na kuingia chumbani, ulisimama kwanza, ungoje macho yazoee, ndipo ujue kitanda kiko wapi na mama yako kakaa wapi.

"Ukuta ya giza haina maneno," alikuwa akisema. Maana yake ni kwamba moshi wa jiko hauonekani, mikono ya watoto haionekani, mtu anahama na uchafu wake na mwingine anaingia, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu. Alijivunia ile rangi kama vile watu wengine wanavyojivunia ng'ombe.

Msumari kwenye ukuta wake ulikuwa kesi. Namkumbuka kijana mmoja, fundi wa baiskeli, aliyetundika kalenda.

"Wewe, hii msumari uliomba nani?"

"Ni kalenda tu, Mama."

"Kalenda ya nini? Tarehe si iko kwa simu?"

"Simu haina picha ya Yesu, Mama."

Mama Ploti akasogea, akaitazama ile picha kwa muda, kwa sababu kwenye giza lile hata Yesu ilikuwa lazima umtafute. "Sawa, akae," akasema. "Lakini siku Yesu anatoka, na msumari inatoka."

Bomba alilifunga kwa kufuli jua likizama, na ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Watu walimsema sana kwa hilo. Lakini mama yangu alikuwa akiuza mboga na mara nyingi alichelewa kurudi, na kila alipochelewa alikuta mtungi wa maji umejaa kando ya mlango wetu. Ukimshukuru alikasirika. "Maji gani? Mimi sijui maji."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuota ndoto, na bado niko hivyo. Nilimwambia siku moja kwamba nikikua nitajenga vyumba vyenye madirisha makubwa kama kioo cha mbele cha lori, mpaka mpangaji avae miwani ya jua akiwa kitandani. Hakucheka. "Dirisha kubwa ni ya mtu hana kitu ya kuibiwa," akaniambia, akaendelea kufagia. Kesho yake alinisimamisha. "Hiyo lori yako, moshi itatokea wapi?" Kumbe alilala akilifikiria.

Lakini nikitaka kumweleza mtu Mama Ploti alikuwa nani, siwezi kuishia kwenye bomba na misumari. Lazima niseme habari ya watoto wachanga.

Mwanamke akijifungua pale kwenye ploti na kurudi kutoka hospitali, Mama Ploti ndiye aliyemwosha mtoto. Hakuitwa. Alikuja na beseni lake na kikohozi chake. Alifunga mlango, akasukuma tambara chini yake upepo usipite, akavuta jiko karibu, na akamshika yule mtoto kwa mikono mikubwa ambayo kwetu sisi wengine ilikuwa ya kufukuza tu. Mtoto alinyamaza. Kila mara. Huku kwetu juu baridi si mchezo, na yeye aliamini mtoto mchanga hapaswi kuona nje mpaka kitovu kianguke na zaidi ya hapo. "Baridi inaingilia utosini," alisema. Hakuna mama aliyebishana naye, kwa sababu watoto aliowaosha walikuwa wanakimbia uwanjani na mmoja wao alikuwa mimi.

Nafula alizaliwa wakati wa mvua. Jina lenyewe kwa Kibukusu ni la mtoto wa mvua, na mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kukaa, mchana unafanana na jioni. Mama yake alikuwa msichana wa Kamukuywa, mcheshi, aliuza mboga pamoja na mama yangu. Mama Ploti alimwosha Nafula kila asubuhi, mlango umefungwa, jiko linawaka, kuta za ugoro zimewazunguka. Mama Nafula alipomwambia kwamba mtoto analala sana na kunyonya hataki, alimtuliza. "Mtoto mzuri ni yule analala. Ungepata yule wa kulia ungeniita usiku."

Aliyeona ni dada yake Mama Nafula, aliyekuja kutoka Kamukuywa kuwaona. Alikuwa mtu wa haraka, hakujua desturi za pale. Alimbeba mtoto, akafungua mlango wote kwa teke, akasimama naye kizingitini.

"Huyu mtoto," akasema, "mbona macho ni manjano?"

Macho yalikuwa manjano. Fizi zilikuwa manjano. Nyayo pia. Mchana ule tuliokuwa pale sote tuliona, hata sisi watoto, kitu ambacho ndani ya chumba kile hakuna aliyekuwa amekiona. Walimkimbiza hospitali, akawekwa chini ya taa, akapona. Tulishangilia. Ni baadaye, miezi ilipopita, ndipo Mama Nafula alipoona shingo ya mtoto haikazi, mikono inakakamaa, na sufuria ikianguka nyuma yake hashtuki. Daktari akawaeleza: ile manjano ilikaa sana kabla ya kutibiwa, imegusa mahali pa kusikia na pa kutembea. Hakumlaumu mtu.

Mama Nafula alirudi kufunga vitu vyake. Mama Ploti alisimama mlangoni, safari hii hakukohoa, akanyoosha mikono ili amshike mtoto wakati mama anafunga godoro.

"Usimguse," Mama Nafula alisema. Hakupaza sauti. "Wewe ndiye ulikuwa unamwosha. Kila siku ulikuwa na yeye mikononi, na hukuona. Usimguse tena."

Akaondoka, akarudi kwao Kamukuywa. Na tangu siku ile nilijua Mama Ploti anataka kitu kimoja duniani, ingawa hakukisema: kwamba yule mwanamke amkabidhi tena yule mtoto, hata kwa muda wa kufunga godoro.

Kile chumba cha Mama Nafula hakukipangisha. Kilikaa na kufuli, wapangaji wakidhani ana mtu wake. Kisha siku moja akanikuta nimepata pikipiki ya kuendesha, ya mtu mwingine, nikiwa nimeacha shule. Akapanda bila kuuliza. "Twende hadweya," akasema.

Pale hadweya, duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji alimletea vibao vya rangi. Nyeupe akaikataa, akasema hiyo ni ya hospitali. Akaletewa manjano laini.

"Hii ndiyo watu wanapenda, Mama. Inachangamsha nyumba."

Akakichukua kibao, akatoka nacho mpaka kwenye jua, akaweka kiganja chake juu yake, akakitazama kiganja. Alisimama hivyo mpaka muuzaji akanikonyeza. "Hii itanidanganya tena," akasema, akamrudishia. Muuzaji hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaangalia pembeni.

Aliyoichagua ilikuwa nyepesi, yenye joto kidogo. "Hii ni kama ndani ya mkate," akasema.

"Inaitwa—"

"Sijakuuliza jina."

Sasa, kwa haraka yake, aliipaka moja kwa moja juu ya ile ya ugoro. Ilikuwa rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta. Ilipendeza kwa siku chache, kisha ikaanza kuinuka kama utando wa maziwa, unaivuta kwa kidole inakuja yote, na kahawia inakuangalia kutoka chini. Fundi wa rangi aliyepanga chumba cha getini akaja kusimama mlangoni.

"Hizi hazishikani, Mama. Ni lazima usugue ile ya zamani kwanza, upake ya kushikilia, ndiyo hii ikae."

"Na ulikuwa wapi wakati napaka?"

"Nilikuwa nakuogopa."

Basi ikasuguliwa. Tulimsaidia, fundi na mimi na yule wa baiskeli, tukajaa vumbi la ugoro mpaka kwenye meno. Alituachia kuta zote isipokuwa sehemu moja, ile ya pembeni mwa mlango ambako beseni lilikuwa linakaa. Fundi alipofika pale na msasa wake, Mama Ploti alimwondoa kwa kiwiko. "Hapo ni pangu," akasema. Akapiga magoti, magoti yale yale mabaya, akasugua mpaka saruji ikatokea.

Chumba kilipokauka tulikiingia kama watu wa kanisani. Dirisha lilikuwa lile lile dogo, lakini mwanga ulioingia sasa ulikuwa na mahali pa kukaa. Alipomaliza hicho akaenda kwenye kinachofuata, na kinachofuata, mpaka ploti nzima. Mama yangu aligundua kwamba blanketi alilolipenda lilikuwa na rangi mbili. Buibui walionekana. Masizi ya majiko yalionekana. Watu wakaanza kugombania zamu ya kupangusa, na wengine wakasema heri ya zamani. Yeye akawa na neno jipya: "Wacha ionekane." Mtoto mmoja alichora lori kwa makaa kwenye ukuta mpya kabisa. Tulingoja radi. Mama Ploti alikohoa, akaingia, akainama. "Hii haina dereva," akasema, akatoka.

Kuosha watoto aliacha. Akaweka sheria nyingine badala yake: mtoto mchanga yeyote pale ploti aletwe kizingitini kila asubuhi, mvua isiponyesha na hata ikinyesha, amefunikwa vizuri, aangaliwe kwenye mwanga. Yeye alisimama na mikono nyuma. Aliangalia macho, akaomba mama afungue mdomo wa mtoto, akaomba aone nyayo. Akiwa na shaka ndogo tu alinipigia simu niwapeleke kliniki. Kuna mama alipelekwa akaambiwa mtoto hana kitu, akarudi amenuna. "Nimepoteza siku bure, Mama Ploti."

"Poteza," alimjibu. "Poteza tu."

Chumba chake mwenyewe alikiacha na ugoro. Nilimuuliza kwa nini. "Yangu haina mtoto," akasema, na sauti yake ilinifanya nisiulize tena.

Kwa miaka ile alinituma Kamukuywa nikipata pasenja wa njia hiyo. Maziwa, ndizi, sweta alilolifuma. Mama Nafula alinipokea vizuri mimi, akanipa chai, akaniuliza habari za mama yangu. Ule mzigo hakuugusa. "Mrudishie," alisema. "Mwambie sisi tuko sawa." Nilipofika Kitale Mama Ploti alikuwa ananingoja getini.

"Amesema nini?"

"Anasalimia sana, Kukhu."

"Hiyo ni salamu yako. Mimi nauliza yake."

Akapokea mzigo wake, akaingia kwenye giza lake. Halafu magoti yakashindwa, akahamia Kibabii, nami nikabaki nikimpigia simu Jumapili. Alizungumza habari za kuku wa binti yake na jinsi wanafunzi wa chuo wanavyovaa. Kabla ya kukata alikuwa ananyamaza kidogo, ili kama nina neno kutoka Kamukuywa nilitoe. Sikuwa nalo.

Mwaka huu Mama Nafula alinipigia mwenyewe. Nafula ameanza shule, ile ya watoto wasiosikia, na anajifunza kuongea kwa mikono. Mwalimu amewaambia nyumbani waongee naye hivyo hivyo. Lakini nyumba ya Mama Nafula ni chumba kimoja cha saruji tupu, na kwa sababu jiko liko humo humo kuta zimekuwa nyeusi tii.

"Namwonyesha mkono haoni," akaniambia. "Mkono mweusi, ukuta mweusi. Ananisogelea mpaka karibu na moto. Sasa... ile rangi nasikia mlipaka kwa ploti. Inaitwaje?"

"Sijui jina."

"Nani anajua?"

Hakuhitaji nimjibu. Akasema nimuulize rangi tu. Rangi tu, unasikia?

Nilimpigia Mama Ploti. Asubuhi iliyofuata nilikuwa Kibabii, na yeye alikuwa amekaa nje ya mlango wa binti yake na mkebe wa rangi, brashi zake zimefungwa kwa gazeti. "Aliuliza rangi tu, Kukhu," nikamwambia. "Nimesikia," akasema. "Si nimebeba rangi?" Binti yake alimzuia, akataja magoti, akataja barabara. Alipanda. Tulipitia Chwele na Kimilili, mkebe umefungwa nyuma yake, na njia nzima hakunikaripia hata mara moja kwa mwendo, jambo lililoniogopesha kuliko kukaripiwa.

Mama Nafula alitoka, akatuona. Mimi nilishika breki ingawa tulikuwa tumesimama. Alimtazama yule mzee akishuka kwa shida, mguu mmoja, kisha mwingine. Hakumsaidia. Hakumfukuza.

"Masizi lazima yatoke kwanza," Mama Ploti akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. "Ukipaka juu yake yatarudi. Iko na sabuni?"

"Iko."

Siku hiyo tulikwangua na kuosha. Nafula alipelekwa kwa jirani. Tuliporudi mara ya pili, tulipaka rangi ya kushikilia, na Nafula akapelekwa tena kwa jirani. Wanawake wale wawili walifanya kazi mgongo kwa mgongo. Waliongea sabuni, ngazi, tambara. Mimi nilijaribu kusema mzaha wangu wa madirisha ya lori na hakuna aliyecheka.

Siku ya rangi yenyewe Nafula hakupelekwa kokote. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake, mwembamba, mikono inakwenda kombo kidogo, macho makali ya kuona kila kitu. Ukuta ulipozidi kupata nuru ndivyo alivyozidi kuingiza shingo. Kisha akampungia mama yake, akaanza kuongea. Sijui lugha ile, lakini nilijua ananyooshea nani.

"Anasema nini?" Mama Ploti akauliza. Brashi ilikuwa inadondosha chini na hakuiona.

"Anauliza wewe ni nani."

Mama Ploti, ambaye alikuwa na jibu la Yesu na la kalenda, safari hii aliinama. Akaweka brashi chini. "Mwambie," akasema. "Yote. Mwambie mimi ndiye sikuona."

Mama Nafula akasimama mbele ya ukuta mpya, ambako mikono yake ilionekana wazi, kila kidole, akaanza kumwambia mtoto. Ilikuwa habari ndefu. Nafula alifuatilia bila kupepesa. Sijui ni nini alichoambiwa na nini kilichoachwa. Ilipokwisha, mtoto alimtazama Mama Ploti, kisha akamwonyesha mama yake tumbo.

"Ana njaa," Mama Nafula akasema. Akafuta mikono, akachukua kikapu nyuma ya mlango, akafunga leso kiunoni. "Hakuna mboga. Nashuka soko." Akafika nje. Akasimama, akiwa ametugeuzia mgongo, na akakaa hivyo mpaka nikafikiri amesahau kitu.

"Kukhu," akasema, "mshike asiguse ukuta. Bado mbichi."

Akaenda. Tulimwona akipita ua wa miti ya kei, akivuka barabara, bila kugeuka.

Mama Ploti alishuka chini taratibu, akakaa sakafuni kando ya kile kiti. Alikuwa na rangi mpaka viwiko, akawa anaipangusa mikono kwa gauni, anaipangusa, anaigeuza, anaipangusa tena. Nafula alichoka kungoja. Alijisukuma kutoka kitini akaangukia mapajani mwake, na ile mikono mikubwa ikamdaka kabla haijafikiri.

Mimi nilitoka nje. Niliinama kwenye pikipiki, nikaanza kukaza mnyororo ambao haukuwa umelegea.